Puli Imetoka na Mashimo: Kusoma Makosa ya Kusubu Kabla ya Kuulaumu Moto

Mafundi wengi wanaosubu aluminiamu huku kwetu Mbeya, yaani wanaoiyeyusha na kuimwaga kwenye kalibu ya mchanga, awe wa karakana ya Mwanjelwa au wa uani kwake Uyole, wana jibu moja kwa kila kosa: moto ulikuwa mdogo. Puli ikitoka na matundu, ongeza mkaa. Sufuria isipojaa mdomo, ongeza upepo. Impela ya pampu ikipasuka, basi mkaa ulikuwa wa msonobari. Kisha kazi iliyoharibika inarudishwa chunguni jioni hiyohiyo, na ushahidi wote unayeyuka nayo.

Ushauri wangu ni kwamba usirudishe kitu chunguni kabla hujakikata. Aluminiamu hukatika kirahisi kwa msumeno wa chuma. Pitisha msumeno katikati ya sehemu nene kuliko zote, kisha pale kosa linapoonekana. Lainisha uso kwa tupa, malizia kwa msasa laini, toka nao nje juani uutazame. Mara nyingi utaona kwamba moto haukuwa mdogo. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi, au kilichoharibu ni unyevu, au uji, yaani aluminiamu iliyoyeyuka, ulipitishwa njia mbaya.

Kuna mashimo ndani

Hili ndilo kosa linalowapotezea watu mkaa mwingi, kwa sababu mashimo yako ya aina mbili na dawa zake hazifanani.

Ukikuta vitundu vya mviringo, kuta zake laini na zinang'aa, vimetawanyika kila mahali, hiyo ni gesi. Ukikuta shimo lenye kuta za kukwaruza, limechongoka ovyo kama limetafunwa, na limejikusanya penye unene, hiyo ni aluminiamu kusinyaa wakati wa kuganda. Vikiwa vichache lakini vikubwa, vimejibanza chini kidogo ya ngozi ya juu au kando ya kiini (kile kipande cha mchanga kinachoacha tundu ndani ya kazi), hiyo nayo ni gesi, ila imetoka kwenye mchanga na si kwenye uji.

Tuanze na gesi ya kwenye uji. Gesi hiyo ni haidrojeni, na aluminiamu huipata kwenye maji. Mvuke ukigusa uji, oksijeni inashikwa na kuwa ile ngozi ya kijivu, haidrojeni inazama ndani. Uji unaweza kubeba haidrojeni karibu mara 20 ya ile inayobebwa na aluminiamu iliyoganda. Kwa hiyo kalibu inapopoa gesi inakosa pa kukaa, inajikusanya na kuacha vitundu. Na kadiri uji unavyozidi kuwa wa moto ndivyo unavyozidi kuinywa. Anayeongeza moto ili kuondoa vitundu hivi anajiongezea vitundu.

Mbeya na Njombe unyevu hauhitaji kutafutwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mkaa unaokaa kwenye gunia nje hunywa maji hata usiponyeshewa moja kwa moja. Asubuhi za Juni na Julai vyuma vilivyolala nje huamka na umande. Tanuru lililotoka kukandikwa udongo juzi bado linatoa mvuke. Skrepa yenye oili ya injini nayo inaleta haidrojeni yake, na yule anayekoroga chungu kwa kijiti kibichi cha mkaratusi anaipeleka moja kwa moja hadi chini.

Kwa hiyo: mkaa uanikwe au ukae juu ya tanuru la jana. Skrepa ioshwe oili, kisha ipashwe pembeni mwa moto kabla ya kutumbukizwa. Koroga kidogo sana, kwa chuma kikavu kilichopakwa chokaa na kukaushwa motoni. Tanuru jipya liwashwe moto mdogo mara kadhaa kabla halijapewa kazi.

Halafu joto. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ile yenye silikoni kama asilimia 12, ambayo ndiyo ya pistoni nyingi, inaanza kuyeyuka karibu na 577. Kumwaga ni kati ya 700 na 750 kwa kazi nyingi. Kipimajoto cha waya cha aina ya K ndicho kifaa ningemshauri mtu anunue kabla ya feni kubwa. Asiye nacho aangalie akiwa kivulini: chungu kiwe chekundu cha kukolea, uji wenyewe ubaki wa fedha. Uji ukianza kuonekana wa rangi ya chungwa, umepitiliza. Toa chungu motoni, kiache kitulie, toa povu la juu mara moja tu, kisha umwage. Kule kutulia huku joto likishuka taratibu kunaruhusu sehemu ya gesi itoke yenyewe.

Viwandani wanapitisha gesi ya agoni au naitrojeni ndani ya uji kwa fimbo inayozunguka, na vipovu vinabeba haidrojeni kwenda juu. Wanapima pia: sampuli ndogo inaachwa igande ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, inakatwa, vitundu vinasomwa. Wapo wanaouza vidonge vya kutoa gesi vinavyotoa klorini. Hivyo viache huko kwenye viwanda vyenye mitambo ya kuvuta moshi. Uani vitakuchoma mapafu kabla hujaona faida.

Sasa gesi ya kwenye mchanga. Kalibu ya mchanga mbichi inahitaji maji kiasi cha asilimia 4 hadi 7, na wengi wetu tunazidisha kwa sababu mchanga wenye maji unashika vizuri mkononi. Fumbata konzi ya mchanga, fungua kiganja, livunje bonge. Likivunjika sehemu mbili zenye kingo kali na kiganja kikabaki kikavu, sawa. Likiacha matope vidoleni, liongezee mchanga mkavu. Likimwagika, rudi kwenye udongo wa kushikisha. Udongo wa kichuguu uliosagwa na kuchekechwa unafanya kazi hiyo vizuri, na wenye subira wanautafuta ule mweupe wa Malangali, Mufindi, unaovumilia moto zaidi.

Jihadhari na mchanga wa baadhi ya machimbo ya Mbeya na Rungwe. Una vijiwe vyepesi vya volkano, vyenye vinyweleo, vile vinavyoelea ukivitia kwenye ndoo. Vinaficha maji ndani yake wakati mchanga mwingine umekauka, na uji ukifika vinayatoa kwa mpigo. Tia mchanga kwenye maji, ondoa vinavyoelea, kausha kilichobaki. Mchanga wa mto, kama ule wa Ruaha Mdogo kwa watu wa Iringa, una shida hiyo kidogo, ila chekecha mpaka upate punje ndogo zinazolingana.

Baada ya kushindilia, toboa matundu ya kupumulia kwa spoki ya baiskeli, yafike karibu na kielelezo (mfano wa kazi unaozikwa mchangani ili uache umbo lake) bila kukigusa. Usishindilie kama unatengeneza sakafu. Kiini cha mchanga kilichofungwa kwa molasi au unga wa ngano lazima kiokwe mpaka kiwe cha kahawia hadi ndani. Kilichoiva nje tu kitachemka katikati ya kazi yako.

Shimo la kusinyaa, na kitovu cha puli

Chukua puli ya mashine ya kusaga mahindi, kazi inayoagizwa kila wiki. Mdomo wake ni mwembamba, mikono myembamba zaidi, katikati kuna kitovu kinene ambako shafti itapita. Fundi anamwagia uji kwenye mdomo. Mdomo unaganda kwanza, mikono inafuata, kitovu kinabaki na uji peke yake, na njia ya kuletewa mwingine imeshaziba. Aluminiamu ikiganda hupungua ujazo, karibu asilimia 6. Ile asilimia 6 lazima itoke mahali. Inatoka katikati ya kitovu. Kwa nje unaona kidimbwi kidogo tu. Fundi kereza akianza kutoboa tundu la shafti anakutana na pango, na skrubu ya kufungia puli inang'oka na kipande.

Hapo unahitaji kisima cha akiba, mafundi wa viwandani wanakiita raiza. Kinakaa juu ya kitovu, na kinapaswa kuwa kinene kuliko kitovu ili kigande mwisho kabisa. Kisima chembamba kama kidole hakisaidii kitu. Kinaganda kwanza, kisha chenyewe kinanyonya uji kutoka kwenye puli yako. Baada ya kumwaga, funika uso wa kisima kwa majivu makavu ya pumba za mpunga. Majivu hayo yanazuia joto lisitoke, hata viwanda vikubwa vya chuma vinayatumia kufunika uji, na sisi tuna Kyela na Mbarali jirani ambako pumba zinatupwa kwa malundo. Ukikata kisima baadaye na kukuta kimebonyea sana katikati, furahi: kimefanya kazi yake. Kikiwa kimesimama bapa na puli imebonyea, kiongeze unene.

Njia nyingine ni kukipoza kitovu haraka kwa kupachika kipande cha chuma kikavu kwenye mchanga ulio chini yake. Kikavu, narudia, na kilichopashwa moto. Kipande chenye umande ni habari nyingine, tutaifikia.

Na mwagia kwenye kisima au karibu nacho, ili uji wa moto zaidi ubaki pale unapohitajika mwisho.

Haijajaa, au ina mstari kama imeungwa

Kingo zimeviringika, pembe hazikutoka, au kuna mstari mwembamba pale uji kutoka pande mbili ulipokutana usishikane. Hapa ndipo joto dogo linaweza kweli kuwa na hatia, lakini liulize maswali kwanza. Chungu kilitembezwa umbali gani kutoka tanuru hadi kalibu? Karakana yenye upepo wa Julai, hatua kumi zinatosha kukupotezea nyuzi nyingi. Sogeza kalibu karibu na tanuru.

Je, ulimwaga kwa kusitasita? Mkondo ukikatika, ngozi ya oksaidi inajifunga na uji unaofuata hauungani nayo. Mwaga bila kuacha, koo la kalibu, lile tundu la kumwagia, likae limejaa mwanzo hadi mwisho. Mdomo wa chungu uwe karibu na koo. Kumwaga kutoka juu kunaleta mapovu na kukunja oksaidi ndani.

Na skrepa ni ya nini? Fremu za madirisha zina silikoni chini ya asilimia 1, na uji wake haupendi kuingia kwenye sehemu nyembamba. Pistoni na silinda hedi za aluminiamu za magari zinatiririka vizuri zaidi. Barabara kuu ya Tunduma inatuletea hizo kwa wingi, sioni sababu ya mtu kuhangaika na makopo ya soda, ambayo mengi yake yanaishia kuwa povu. Ukilazimika, yasukume chini ndani ya uji uliokwisha kuyeyuka. Yakiachwa juu yanaungua tu. Nyaya za umeme usinunue kabisa, hata kama bei ni tamu. Unajua zimetoka kwenye nguzo gani.

Tanuru halipandi joto

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, maana yake feni ileile inapeleka oksijeni pungufu kila inapozunguka. Fundi aliyenunua tanuru lililojengwa pwani anashangaa kwa nini huku linazubaa. Ongeza upepo, punguza uvujaji, na funika juu kwa kifuniko chenye tundu.

Lakini angalia pia upepo unaingilia wapi. Bomba likielekezwa katikati linapuliza chungu chenyewe na kukipoza. Lielekezwe pembeni ili moto uzunguke. Na mkaa: wa miwati kutoka Njombe ni mzito na unakaa, wa msonobari wa Mufindi unapaa haraka na kuisha haraka. Wote unayeyusha aluminiamu. Tofauti ni idadi ya magunia.

Wazee wa Ufipa walilitatua suala la upepo bila feni. Yale matanuru yao marefu ya udongo, malungu, yalivuta hewa yenyewe kwa urefu wake kupitia matundu ya chini. Hawakuwa wakisubu, chuma kilitoka kama bonge lililochanganyika na mavi yake, likasafishwa kwenye tanuru dogo la mivukuto, kisha likafuliwa. Ila kanuni ya dohani ni ileile, na ukipandisha bomba la kutolea moshi utaiona.

Jambo moja kwa watu wa maeneo ya baridi: usiingize tanuru ndani ukafunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Kalibu inarusha uji

Ikianza kutokota na kurusha, acha kumwaga, rudi nyuma, usijaribu kuokoa kazi. Tone la maji likigeuka mvuke linahitaji nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na likifungiwa chini ya uji litaipata nafasi hiyo usoni kwako. Chanzo ni mchanga uliolowa, kipande cha kupozea chenye umande, kijiko cha baridi kilichochovywa chunguni, au skrepa iliyofungwa ndani kama shokapu na bomba lililozibwa pande zote. Sakafu ya saruji nayo ina maji ndani. Uji ukimwagikia juu yake, zege linapasuka na kuruka. Mwaga juu ya mchanga mkavu, chini ya paa. Viatu vya ngozi vilivyofunika kidole, suruali ikiwa nje ya kiatu, kioo cha uso. Ndala ni za kwenda dukani.

Imepasuka

Tazama uso wa ufa. Ukiwa umefifia na kupauka, ilipasuka ikiwa bado ya moto. Uking'aa, ilipasuka baada ya kupoa, pengine kwa kugongwa au kutolewa mapema ikatupwa majini.

Ufa wa moto hukaa pale mkono wa puli unapoungana na mdomo. Kona kali ndiyo inayoita ufa, hivyo ijaze kwenye kielelezo kwa nta au kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la mbao mpaka iwe ya mviringo. Mchanga mgumu kupita kiasi unaizuia puli isijivute inaposinyaa. Legeza mchanga wa katikati mara kazi inapoganda. Kisha rudi kwenye skrepa. Kabureta moja tu ya zinki iliyoingia chunguni bila kutambuliwa inaweza kufanya kazi ivunjike kama biskuti ingali ya moto. Zinki ni nzito. Ukinyanyua kipande kidogo kikakushtua kwa uzito, kiweke kando.

Kama aluminiamu yako inazidi kuwa ngumu na ya kuvunjika kila unapoirudia, mtuhumu ni chungu. Aluminiamu iliyoyeyuka inakula chuma taratibu, na chuma hicho kinajenga sindano ngumu ndani ya kazi. Chungu cha bomba la chuma kipakwe ndani chokaa na udongo mweupe kabla ya kila kazi, kikauke kabisa, na uji usikae humo muda mrefu.

Nikiwa hapo: mtu anayesubu sufuria za kupikia asitumie skrepa asiyoijua. Sufuria za kusubu zilizopimwa Kameruni zilikutwa zikitoa risasi kwenye chakula. Skrepa ya mchanganyiko itengenezee puli na miguu ya vitanda.

Madogo madogo

Mchanga umenasa kwenye uso: kingo za mfereji wa kupitisha uji zilibomoka, zilainishe kwa kidole chenye maji kidogo na upulize ndani kabla ya kufunga. Nusu mbili hazikulingana: pini za boksi za kalibu zimelegea. Mapezi kwenye maungio: boksi la juu limenyanyuliwa na uji, liwekee uzito. Kielelezo kinang'ang'ania mchanga: vumbi la mkaa kwenye soksi, pigapiga juu yake kabla ya kushindilia.

Shaba ya manjano inatoa moshi mweupe

Huo ni zinki inayoungua. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na shaba ya manjano inamwagwa karibu na hapo au juu zaidi. Ukivuta moshi huo, jioni utapata baridi, homa na ladha ya chuma mdomoni, na utadhani ni malaria. Fanya nje, simama upande upepo unakotoka, funika uso wa uji kwa vumbi la mkaa au vioo vilivyosagwa. Bomba na bolti za mabati zina hatari hiyohiyo.

Chuma cha kusubu kimetoka kigumu, hakichongeki

Hili ni la karakana kubwa zenye tanuru refu la chuma, maana unamwaga karibu na nyuzi 1,300 na zaidi, na sishauri mtu alijaribu uani. Bati la breki au gia inafika kwa fundi kereza, kisu kinateleza na kupiga kelele. Vunja kipande. Uso wa kijivu maana yake kaboni imejitenga na kuwa grafiti, na chuma kitachongeka. Uso mweupe unaong'aa maana yake kaboni imebaki imefungwa ndani ya chuma, kwa sababu kilipoa haraka, au silikoni ilikuwa ndogo, au mtu alichanganya nondo na mabati mengi kwenye skrepa. Ngoma za breki na bloku za injini ndizo malighafi nzuri, zina kaboni kama asilimia 3 na silikoni karibu 2. Kwenye ndoo ya kumwagia, ferosilikoni (mchanganyiko wa chuma na silikoni) iliyosagwa kiasi cha sehemu chache kwa elfu za uzito wa uji inasaidia grafiti ijitenge.

Kabla ya kujaza kalibu za mteja, mwaga kabari ndogo ya majaribio yenye ncha nyembamba kwenye mchanga, iache ipoteze wekundu, ivunje kwa nyundo. Ncha itakuwa nyeupe siku zote. Pima weupe umefika wapi. Ukipita unene wa sehemu nyembamba ya kazi unayotaka kumwaga, ongeza ferosilikoni na uvunje kabari nyingine.